Eda ya Saida

Mume wangu Abdulmajid alifariki mwezi wa kumi, siku ya Jumanne, Mbinga mjini, akiwa anachagua ndoo za plastiki dukani kwa watu. Alikuwa ameshika mbili, ya kijani na nyekundu. Akasema ngoja nikae kidogo, akakaa, basi. Walioniletea habari walinieleza mpaka rangi za ndoo. Niliwasikiliza vizuri, nikawauliza kama zilikuwa na mifuniko.

Watu wa Mbaha, kijiji chetu cha ziwani, walisifu subira yangu. Walisema Tunu ana imani. Sikuwa na subira, na imani yangu haikuzidi ya mtu mwingine yeyote. Nilikuwa na ganzi. Ukikalia mguu muda mrefu halafu ukaubonyeza, unaona kidole kinazama kwenye nyama lakini mguu ni kama wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa hivyo kuanzia kichwani, na namna hiyo nikaingia eda.

Wifi yangu Zamda, dada mkubwa wa marehemu, alikuja kutoka Mbinga akanikalisha. Asili ya ukoo wao ni Kilwa, na Zamda hakosi nafasi ya kukukumbusha, kama vile sisi wengine tuliokotwa njiani. Akanipa masharti. Miezi minne na siku kumi, sitoki nje, sijipambi, hakuna wanja wala hina wala manukato. Hayo ya dini nilikuwa nayajua. Akaongeza ya kwao: nivae nyeupe tupu, nikae mkekani na si kwenye kiti, nisijitazame kwenye kioo, na mwanamume akija niongee naye nyuma ya pazia, sauti chini, uso nimeuinamisha. Akakibandua kioo cha ukutani, akakigeuza kikatazama ukuta.

Ustaadhi Abdulkarimu wa msikiti wetu alipokuja kutoa pole, alisema akiwa upande wa pili wa pazia kwamba mwenye eda anaruhusiwa kutoka mchana akiwa na haja, na kwamba hayo mambo ya kioo hajui yametoka wapi. Zamda akasema huyo ustaadhi bado kijana. Kusema kweli masharti yale yalinifaa, ya dini na ya Kilwa pamoja. Yalikuwa mengi, na yote yalinitaka nisifanye kitu.

Duka letu liko mbele ya nyumba, nyuma yake sebule nilikokaa eda, katikati kuna mlango wenye pazia. Shemeji yangu Kombo, mdogo wa marehemu, alishika duka. Nilimsikia akiuza sabuni, kandambili na nyavu, na sauti yake inafanana na ya kaka yake. Nilidhani hilo litanichoma. Nilingoja linichome, nikachoka kungoja.

Sasa, Saida. Ni mwanangu wa pekee, alikuwa ametimiza miaka sita. Watu walikuwa na kazi ya kunitazama mimi, hakuna aliyemtazama yeye, na yeye alikuwa ananitazama mimi. Alianza wiki ile ile ya kwanza. Baba yake alikuwa amemnunulia mapema sketi ya bluu na ushungi mweupe, aingie navyo darasa la kwanza mwezi wa kwanza. Akauchukua ule ushungi, akauvaa, akaja kukaa mkekani ubavuni mwangu. Nikikunja miguu upande wa kulia, naye kulia. Kombo akikohoa mlangoni anataka kuuliza viberiti vimewekwa wapi, Saida ananiwahi: anavuta pazia, anainamisha uso, anajibu kwa sauti ya chini, "Viko chini ya kaunta, baba mdogo."

Wageni walimwona wakasema mtoto mpole huyu, anamtuliza mama yake. Kabla ya msiba hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mtoto wa ufukweni, wa makelele, wa kurudi nyumbani na mchanga kichwani na kuniambia hakuingia majini huku nguo zinachuruzika. Nililiona badiliko hilo. Sitaki mtu afikiri sikuliona. Niliona, nikaliacha lipite.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa kwanza nilimwamsha asubuhi, nikamwambia leo ndiyo leo, kuoga na kwenda shule. Kombo alikuwa tayari nje anamsubiri ampeleke.

"Siwezi kutoka," Saida akasema. "Tuko eda."

Mama mwenye akili zake angecheka, au angemshika mkono akamwambia eda ni ya mke, si ya mtoto, hebu vaa viatu. Mimi nilisema, "Haya." Neno hilo tu. Nikageuka upande wangu wa mkeka. Siku hizi nikilikumbuka lile "haya" nataka kujipiga makofi, lakini siku ile lilitoka jepesi.

Kombo alijaribu. Alileta biskuti, zikakataliwa. Akambeba, na Saida hakulia wala hakupiga mateke. Alilegea tu mwili mzima, akainamisha uso, akawa mzito kama nguo mbichi. Kombo alifika naye kwenye ngazi za duka, watu wakawa wanamwangalia kana kwamba anaiba maiti, akamrudisha mkekani.

"Shemeji, huyu mtoto anaumwa?" akaniuliza kupitia pazia.

"Haumwi," nikasema. Na Saida, kwa sauti ile ile ya chini, akasema, "Haumwi, baba mdogo."

Wiki ya pili akaja Margareta. Margareta ni jirani yetu upande wa ziwani, Mnyasa, mtu wa kanisani, anaanika na kuuza usipa, dagaa wa ziwani. Binti yake Eunice ndiye rafiki wa Saida, na alikuwa amekuja mara mbili tatu kumwita, akakuta rafiki yake hatoki, akakaa naye mkekani. Margareta hakupiga hodi mara mbili. Mikono yake ilikuwa na magamba mpaka viwikoni.

"Mama Saida, pole na kukaa."

"Karibu, mama Eunice."

"Sijaja kukaa, nimekuja kusema. Eunice amegoma kufukuza kunguru. Usipa uko kwenye vichanja, kunguru wanajilia, namwambia nenda, ananiambia hawezi, yuko eda! Kajifunga shuka la kitanda, kakaa ukutani kainama. Namuuliza eda ya nani? Anasema ya baba. Baba yake yule pale nje anakula muhogo!"

Na kweli alikuwepo nje. Placidi alikuwa amemfuata mkewe mpaka mlangoni, sauti imepanda.

"Mimi mzima huyu!" akapiga kelele. "Naingia ziwani kila siku ya Mungu, mtoto ananikalia eda nyumbani. Boti ikizama nani atajibu? Eh? Nani atajibu?"

Kabla sijafungua mdomo, Saida alikuwa ameshavuta pazia. Akainamisha uso.

"Shikamoo, baba Eunice," akasema. "Pole na msiba."

Placidi hakuitikia marahaba. Aliondoka kwa kasi ambayo sijaiona kwake hata samaki wakiwa wengi, na siku tatu hakugusa boti. Habari ilipita ufukweni kote, watu wakashika mbavu. Margareta mwenyewe, aliyekuja kugomba, alikaa chini mlangoni akacheka mpaka machozi, halafu akanikumbuka, akajifunika mdomo. Mimi nilijua kwamba jambo lile linachekesha. Nililijua kama mtu anavyojua kwamba Songea ni mbali.

Kicheko hicho kilipanda mlima mpaka Mbinga, kikamfikia Zamda. Akampigia Kombo simu, Kombo akaileta kwenye pazia ikiwa imewekwa sauti kubwa.

"Nimesikia mtoto wa kaka yangu amekuwa kichekesho cha wavuvi," Zamda akasema. "Sasa sikiliza, Tunu. Nangoja eda yako iishe, sitaki kukusumbua ndani yake. Ikiisha na mtoto hajaenda shule, nakuja kumchukua. Nitamsomesha huku mimi. Kwangu ataona watu wanaoishi."

Simu ikakatika. Kombo akabaki amesimama upande wa pili, naona vidole vya miguu yake chini ya pazia, anangoja niseme kitu. Nilijichunguza ndani kutafuta uchungu. Nilimfikiria Saida kwenye gari la Mbinga, begi mapajani. Nikafikiria mkeka huu upande wake ukiwa mtupu. Nilijua wazi kwamba huyu ndiye pekee niliyebaki naye na kwamba Zamda hatishii, hufanya. Yote niliyajua, na hakuna lililoniuma. Hapo niliogopa kidogo, nakubali. Lakini hata hofu yenyewe ilikuwa ya mbali, kama redio ya jirani.

Eda iliisha katikati ya mwezi wa pili. Zamda akaja na gauni la zambarau, udi na hina. Akaniogesha, akanivisha, akakigeuza kioo, akanisimamisha mbele yake. Nilimwona mwanamke amevaa gauni la watu. Saida alikuwa pembeni yangu, naye akijitazama. Zamda akampaka hina vidoleni kidogo akamwambia eda imekwisha, mama, kesho shule, na Saida akanitazama mimi kwanza.

Kabla ya kupanda gari Zamda alinivuta kando. Hakugomba safari hii, na heri angegomba.

"Tunu, mimi sina ugomvi na wewe. Alikuwa mume wako lakini alikuwa mdogo wangu, nilimbeba mgongoni mimi. Ijumaa ya wiki ijayo nakuja. Nikimkuta mtoto mkekani, naondoka naye. Umenisikia?"

"Nimekusikia, wifi."

Kesho yake hakuna aliyenizuia kutoka. Eda ya sharia ilikuwa imekwisha, ya Kilwa ilikuwa imekwisha, gauni ninalo. Nilikaa mkekani. Sikuwa na sababu. Ningependa kusema nilikuwa namwombolezea mume wangu, ingekuwa na heshima zaidi. Sikuwa naomboleza. Nje kulikuwa na mlango, na baada ya mlango ngazi tatu, na baada ya ngazi watu, na kila kimoja kati ya hivyo kilinitaka niwe mtu fulani. Jumamosi ikapita, Jumapili kengele za kanisa zikalia, Jumatatu ikapita. Saida alikaa ubavuni mwangu na hina yake vidoleni.

Jumanne alikuja mwalimu wa darasa la kwanza, Mwalimu Clemence, kijana mrefu mwenye chaki kwenye mfuko wa shati. Nilimkaribisha ndani sasa, eda imekwisha. Saida akapita nyuma yangu, akaenda kujificha kwenye pazia.

"Mama, jina lake liko kwenye daftari la mahudhurio, kila asubuhi naliita," akasema. "Wenzake wananijibu, yuko eda, mwalimu. Sasa sijui niandike nini."

"Andika mgonjwa."

"Ni mgonjwa?"

Nikamsogezea kikombe cha chai. Alikunywa chai yake, akaaga. Mlangoni alisita kidogo, akasema, "Wadogo hawa, mama, huwa siwafundishi kukaa darasani. Nawaweka karibu na mtoto anayejua kukaa. Basi." Akaenda zake. Sijui kama alinisema mimi au alikuwa anazungumza kazi yake tu.

Nilibaki na kikombe changu. Nilikuwa nimekiinua karibu na mdomo, nikasahau kwa nini, nikakirudisha chini bila kunywa. Saida alitoka kwenye pazia, akakaa. Alikuwa na kikombe chake cha bati. Akakiinua karibu na mdomo, akakishikilia hapo, akatazama ukuta, akakirudisha chini bila kunywa.

Nikashika tama. Akashika tama. Nikaondoa mkono, nikaushusha polepole, nikauacha uanguke mapajani kama kitu kisicho changu. Na wake ukaanguka hivyo hivyo, vidole vimekunjika hivyo hivyo, na kichwa kimeinama upande ule ule ambao sikuwa najua kwamba nakiinamisha. Nilikuwa najitazama mimi mwenyewe mwenye miaka sita. Nikapata hasira, na hii ilikuwa karibu, haikuwa ya redio ya jirani. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumtikisa mpaka Saida wa ufukweni aanguke kutoka ndani yake. Halafu hasira nayo ikazimika, lakini ilikuwa imeniachia kazi. Ilikuwa Jumanne. Zamda anakuja Ijumaa.

Nilijipa Jumatano ya kujiandaa. Alhamisi asubuhi nilimwogesha Saida, nikamvalisha sketi ya bluu na ushungi ambao sasa ulikuwa na doa la chai, nikavaa gauni la zambarau.

"Tunatoka?" akauliza.

"Tunatoka."

Akasimama mlangoni kungoja aone ninavyotoka.

Lazima niseme kuhusu kicheko changu. Mimi nimezaliwa Kitai, pale mabasi ya Songea na Mbinga yanaposimama. Mama yangu alikuwa anauza maandazi dirishani kwa abiria, na alikuwa na kicheko maarufu: kichwa nyuma, kofi moja pajani, halafu "Ha-haa, weee!" Basi likisimama anacheka, likiondoka ananyamaza. Nilikaa chini ya meza yake tangu sijui kutembea, na kicheko hicho nilikichukua kizima. Ndicho alichokipenda Abdulmajid, alikisikia akiwa kwenye basi kabla hajaniona uso. Mbaha wote wananijua kwa kicheko hicho.

Basi nilikitoa. Nilishuka ngazi tatu, nikamkuta Kombo anafagia mbele ya duka, nikatupa kichwa nyuma, nikapiga paja. "Ha-haa, weee! Shemeji, unafagia kama unapaka rangi!" Ufagio ulimwanguka. Ndani yangu hakukuwa na kicheko hata tone moja, lakini koo lilikuwa linakumbuka njia. Saida alikuwa hatua mbili nyuma yangu.

Tukashika njia ya ufukweni. Niliamkia wazee kwa sauti ya juu. Niliwauliza wavuvi kama mbasa wamepatikana. Nilimwona Placidi anashona wavu, nikamwita, "Baba Eunice! Bado hujafa tu? Tumekaa eda bure?" Akatupa sindano, akasema mwanamke huyu amerudi, jamani, amerudi! Margareta alikuja mbio kutoka kwenye vichanja, akanishika mabega, macho yamelowa. "Tunu wetu," akasema, "tulidhani tumekupoteza na wewe." Nikacheka tena. Nilimtazama yule mama wa watu aliyenipenda kwa dhati, nikampa kicheko cha abiria.

Na nikiwa nacheka hivyo, nikajiuliza kwa mara ya kwanza maishani mama yangu pale dirishani alikuwa anacheka nini.

Tulipofika shuleni Saida alikuwa ameshaniacha nyuma. Alisimama mlangoni mwa darasa, watoto wakageuka wote, na Eunice akapiga kelele, "Eda imeisha!" Darasa likaangua kicheko. Nikaona mabega ya mwanangu yanapanda kidogo. Akainua kichwa, akakitupa nyuma, akapiga paja lake dogo.

"Ha-haa, weee!" Saida akasema.

Mwalimu Clemence alinitazama, uso umemfunguka. Alinionyesha dole gumba. Nami nikamwonyesha langu.

Ijumaa Zamda aliteremka kwenye gari na begi tupu la kuchukulia nguo za mtoto. Saida alikuwa anarudi kutoka shule, daftari mkononi. Alimkimbilia, akamwamkia shangazi yake, na Zamda alipomuuliza habari za shule alitupa kichwa nyuma, akapiga paja, akacheka. Zamda akaniangalia.

"Ni wewe mtupu," akasema. "Alhamdulillahi. Ni wewe mtupu."

Alilala kwetu usiku mmoja, akapika pilau, akanisimulia jinsi alivyokuwa anambeba marehemu mgongoni kwenda naye kisimani, akalia, akafuta uso. Asubuhi akaondoka na begi lake tupu. Nilisimama barabarani mpaka gari lilipopinda. Nilikuwa nimeshinda. Mtoto amebaki, na nilikuwa nafahamu kwamba hilo ndilo nililolitaka.

Wiki iliyofuata kila mtu alinisifia Saida. Mchangamfu, wakasema. Ana bashasha, atakuwa mfanyabiashara. Mwalimu akasema akikosea hesabu anacheka, akisukumwa kwenye foleni anacheka, mtoto hana kinyongo. Niliwaitikia wote. Jioni nilipokuwa napika alikuwa anakaa karibu na jiko, na alipodhani simwangalii uso wake ulikuwa unatulia kabisa, tambarare. Nikimgeukia tu, kinakuja kicheko.

Jumanne aliletwa na Margareta, amemshika mkono. Alikuwa ameanguka kwenye mawe nyuma ya kanisa. Goti la kushoto lilikuwa limefunguka, damu imefika kwenye soksi.

"Mama Saida, mwanao huyu ni chuma!" Margareta akasema. "Ngozi imetoka yote, sisi tunapiga mayowe, yeye anacheka! Eunice wangu angesikika Mbamba Bay." Akarudi kwenye usipa wake.

Nilimkalisha Saida kwenye ngazi, nikaleta maji na kitambaa safi. Mchanga ulikuwa umeingia ndani kabisa. Maji yalipogusa nyama, mguu uliruka wenyewe. Akatupa kichwa nyuma, akapiga kofi pajani, paja la mguu ule ule.

"Ha-haa, weee!"

"Inauma?"

"Hapana." Midomo ilikuwa imekuwa myeupe. "Ha-haa."

"Saida, acha kucheka. Inauma."

Kicheko kikakatika papo hapo, kama mtu amefunga bomba. Akanitazama kwa makini, anangoja.

"Mtoto akiumia analia," nikamwambia. "Si vibaya. Sema inauma."

"Wewe sema kwanza."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kwa sauti ile anayoniombea nimwonyeshe kufunga kamba za viatu. Nikaweka kitambaa chini. Duka lilikuwa wazi nyuma yetu, Kombo anampimia mtu sukari, na mimi nilijilazimisha kumtazama mwanangu usoni.

"Inauma," nikasema.

"Wapi?"

Nikaweka mkono kifuani. Sikuuweka kwa sababu palikuwa panauma, niliuweka kwa sababu ndipo watu wanapouweka. Saida alikuja karibu, goti linachuruzika. Akauondoa mkono wangu taratibu, akatazama pale chini yake, akapabonyeza kwa kidole kama ninavyofanya mimi nikimtafuta mwiba.

"Hapana kitu hapa," akasema. Akaurudisha mkono wangu mapajani, akakaa tena kwenye ngazi, akaninyanyulia macho, akangoja nimwonyeshe vizuri.